Picha Moja kwa Jioni Moja

Siku ya kwanza nilipoingia National Gallery ya London nilikaa humo kwa muda wa saa nne na nusu, na usiku wake, shangazi aliponiuliza nimeona nini, niliweza kumtajia picha mbili tu kwa uhakika. Ya kwanza ilikuwa ile ya alizeti ya Vincent van Gogh, ambayo kwa kweli niliiona kupitia simu za watu walionitangulia, na ya pili ilikuwa ya meli ya William Turner, ambayo nilikuwa nimeibeba mfukoni tangu uwanja wa ndege kwa kuwa imechapishwa kwenye noti ya pauni 20. Nyingine zote, nazo zilikuwa mamia, zilikuwa zimechanganyika kichwani mwangu zikawa kitu kimoja kirefu chenye dhahabu, nguo nyekundu, farasi na mawingu. Miguu iliuma, macho yaliwasha, na moyoni nilikuwa na huzuni ambayo sikuweza kuieleza, kwa sababu nilikuwa nimeingoja siku hiyo kwa miaka mingi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, na nilikuwa London kwa wiki mbili za mafunzo. Nililala kwa shangazi, mdogo wake baba, ambaye aliondoka Tanga akiwa fundi cherehani na mpaka leo ni fundi cherehani huko mashariki ya jiji. Jumamosi ya kwanza nilitoka asubuhi na ramani mkononi, nikaingia kwa mlango wa jengo la Sainsbury Wing, nikaanza na picha za kale kabisa, zile za karne ya 13 zilizochorwa kwenye mbao na kupakwa dhahabu, kisha nikaenda chumba kwa chumba kwa kufuata namba, kama mtu anayesoma kitabu kuanzia ukurasa wa kwanza. Vyumba vya jumba hilo vina namba zinazopita 60. Nilipofika kwa wachoraji wa Venice nilikuwa tayari nimeacha kutazama. Nilikuwa nikihakikisha tu kwamba sijaruka kitu.

Baadaye nilijiuliza kwa nini nilikwenda hivyo, na jibu nililolipata halikuhusu sanaa hata kidogo. Lilihusu nauli. Mtu anayeishi London anaweza kuingia mle kwa dakika ishirini akisubiri mvua ikatike, kwa kuwa kesho na keshokutwa jumba litakuwa pale pale na yeye atakuwa pale pale. Lakini msafiri aliyetoka kwetu amekusanya barua za mwajiri na taarifa za benki, amesubiri viza bila kujua atajibiwa nini, amekaa angani usiku kucha, na anafahamu fika kwamba huenda hatarudi tena. Kila chumba anachokiacha anakiona kama fedha iliyodondoka njiani. Kwa hiyo anajilazimisha kuona kila kitu, na kwa kufanya hivyo anapoteza kile alichokifuata. Nimekutana na hali hiyo hiyo kwa wenzangu waliokwenda Paris na Amsterdam, na sidhani kwamba ni udhaifu wa mtu mmoja. Ni hesabu ya mtu aliyelipa gharama kubwa, ila hesabu yenyewe imekosewa.

Hebu tuihesabu upya. National Gallery ina picha zaidi ya 2,300. Kama zote zingekuwa ukutani kwa wakati mmoja, na mtu akaipa kila moja dakika moja tu bila kuhesabu mwendo wa miguu, angehitaji zaidi ya saa 38, nalo jumba hubaki wazi kwa muda wa saa nane tu siku za kawaida. Hiyo ni karibu siku tano nzima bila kula wala kukaa. Na dakika moja si kitu. Uchovu huu wa makumbusho si jambo jipya wala si la wageni peke yao: mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman, aliyekuwa akifanya kazi katika jumba la sanaa la Boston, alichapisha makala yenye picha za mtu aliyeinama, aliyejikunja na aliyerefusha shingo ili aone vitu vilivyopangwa vibaya kwenye makabati, akaonyesha jinsi mwili unavyochoka kabla ya akili. Mwaka 2001 watafiti wawili waliowachunguza watazamaji katika Metropolitan Museum ya New York walieleza kwamba wastani wa muda uliotumika mbele ya kazi moja ulikuwa sekunde 27, na kwamba nusu ya watazamaji walitumia sekunde 17 au pungufu, ikiwa ni pamoja na muda wa kusoma maelezo yaliyo kando. Nilipoisoma takwimu hiyo nilijitambua mara moja. Sekunde kumi na saba hazitoshi hata kumsalimu mtu mzima wa kwetu na kumjulia hali ya nyumbani.

Shangazi alinisikiliza usiku ule huku akipindia gauni la mteja, kisha akasema maneno ambayo yalibadilisha safari yangu. "Mwanangu," akasema, "pale dukani Tanga tulikuwa na wateja wa namna hiyo. Wanataka wafunuliwe majora yote. Unawafunulia hili, unawafunulia lile, mpaka meza inajaa, na mwisho wanaondoka bila kitambaa." Nilimwuliza kama yeye aliwahi kuingia mle ndani. Akanijibu kwamba kwa miaka mingi alikuwa akipita pale Trafalgar Square kwa basi, akiziona zile nguzo na ngazi, na siku zote alidhani kwamba ni mahali pa kulipia, tena kwa bei ya matajiri.

Si pa kulipia. Kuingia katika mkusanyiko wa kudumu wa National Gallery ni bure, na jambo hilo limo katika asili yake. Bunge la Uingereza lilianzisha jumba hilo mwaka 1824 kwa kununua picha 38 zilizokuwa mali ya marehemu John Julius Angerstein, kwa pauni 57,000, na kwa miaka ya mwanzo picha zilionyeshwa katika nyumba yake mwenyewe mtaa wa Pall Mall. Jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 1838, na uwanja ule ulichaguliwa kwa sababu matajiri wa magharibi ya jiji waliweza kufika kwa magari yao ya farasi na maskini wa mashariki waliweza kufika kwa miguu. Lazima niseme pia kwamba Angerstein alitajirika kwa bima ya meli, na kwamba alikuwa mdhamini wa mashamba ya watumwa katika visiwa vya Karibi. Jumba lenyewe limelichunguza na kulieleza jambo hilo. Sisi tuliokulia pwani ya Pangani na Bagamoyo, bandari zilizosafirisha watumwa, hatuwezi kulisoma kisha tukalipita. Sikuona kwamba ni sababu ya kugeuka na kurudi, lakini niliona ni haki kuingia nikilijua.

Katika siku zilizofuata, kila baada ya vipindi vya mafunzo, nilisoma habari za jumba hilo, na nilichokipata katika historia yake ya wakati wa vita ndicho kilichonipa njia. Mwaka 1939, siku chache kabla ya vita kutangazwa, picha zote ziliondolewa ukutani na kupelekwa mbali na London, nyingi kati yake Wales. Mwaka uliofuata, hofu ya uvamizi ilipokuwa kubwa, lilitolewa wazo la kuzivusha bahari mpaka Kanada, na waziri mkuu Winston Churchill akalikataa. Akataka zifichwe mapangoni au kwenye vyumba vya chini ya ardhi, mradi zisitoke katika visiwa vyao. Kwa hiyo mwaka 1941 zilikusanywa ndani ya machimbo ya mawe ya kuezekea huko Manod, kaskazini mwa Wales, chini ya mlima. Jumba la Trafalgar Square likabaki na kuta tupu, na mabomu yakalipiga zaidi ya mara moja. Katika ukimya huo mpiga piano Myra Hess alianzisha maonyesho ya muziki ya mchana, yaliyoendelea kwa zaidi ya miaka sita, karibu maonyesho 1,700 kwa jumla, na watu wa maofisini walipanga foleni ili wakae saa moja wakisikiliza.

Hata hivyo watu walizikumbuka picha. Mwanzoni mwa mwaka 1942 gazeti la The Times lilichapisha barua iliyoomba kwamba, kwa kuwa uso wa London ulikuwa umejaa makovu, wakazi wake walihitaji kuona vitu vizuri kuliko wakati mwingine wowote. Kenneth Clark, mkurugenzi wa jumba, aliitikia kwa namna ambayo naiona kuwa ya hekima sana: aliamua kurudisha picha moja tu kila mwezi. Moja. Ya kwanza katika utaratibu huo, mwezi Machi 1942, ilikuwa Noli me Tangere, yaani Usiniguse, ya Titian, inayomwonyesha Maria Magdalena akiwa amepiga magoti bustanini, akinyoosha mkono kumgusa Kristo aliyefufuka, naye Kristo akiinama juu yake huku akilikunja vazi lake jeupe lisiguswe. Nilijaribu kumfikiria mama mmoja wa London wa mwaka ule, ambaye mwanawe yuko vitani, akitoka kazini kwake saa sita mchana, akipita vifusi, akiingia katika jumba tupu kwa ajili ya mkono huo mmoja ulionyooshwa bila kufika. Hakuna aliyemwambia kwamba amepunjwa kwa sababu picha nyingine elfu mbili ziko chini ya mlima.

Hapo nikaamua kwamba kwa siku zilizobaki nitaishi kama mtu wa mwaka 1942. Nitaingia kwa ajili ya picha moja, nitakaa nayo mpaka itakaposema, na nitatoka wakati bado nina hamu.

Ijumaa jumba hufungwa saa tatu usiku badala ya saa kumi na mbili jioni, na kwa anayefanya kazi mchana hiyo ndiyo siku ya kwenda, kwa kuwa makundi ya shule yamekwisha kuondoka na vyumba vinatulia. Nilimwomba shangazi twende pamoja. Nilikuwa nimejifunza mambo madogo ya mlangoni: mizigo mikubwa hairuhusiwi kabisa, kwa hiyo msafiri asiende na begi lake la safari akitumaini kuliacha pale, na tangu Oktoba 2024 vinywaji haviruhusiwi, isipokuwa maziwa ya mtoto na dawa za daktari, kwa hiyo chupa ya maji inywewe nje. Mabegi hukaguliwa. Makoti tuliyaacha mapokezi, na ningemsihi kila anayetoka nchi za joto afanye hivyo, kwa kuwa nusu ya uchovu wa siku yangu ya kwanza ilitokana na kubeba koti zito la baridi ndani ya vyumba vyenye joto.

Picha niliyoichagua ilikuwa ya Jan van Eyck, mchoraji wa Bruges, iliyochorwa mwaka 1434 kwa rangi ya mafuta juu ya ubao wa mwaloni. Inamwonyesha mfanyabiashara kutoka ukoo wa Arnolfini wa mji wa Lucca, Italia, akiwa amesimama chumbani na mwanamke, wakiwa wameshikana mikono. Nilishangaa kuona ilivyo ndogo: sentimita 82 kwa 60, pungufu ya meza ya cherehani. Siku ya kwanza niliipita kwa sababu ya udogo wake na umati uliokuwa mbele yake. Jioni ile tulisubiri, na baada ya muda umati ukapungua, nasi tukasogea.

Nilikuwa nimemwomba shangazi asisome maandishi ya ukutani kwanza, na huu ni msimamo ambao ningependa kuutetea. Maandishi yale yameandikwa kwa uangalifu na watu wanaojua, lakini mtu akiyasoma mwanzo, macho yake hayatafuti tena. Yanakwenda kukagua kama kilichoandikwa kipo, yakishakiona yanaondoka. Mwache atazame kwanza dakika kumi kwa akili yake mwenyewe, pamoja na kazi yake, malezi yake na maswali yake, halafu asome. Najua wapo wanaoona haya kufanya hivyo, hasa wageni kama sisi, kwa sababu wanahisi kwamba sanaa hii ina wenyewe, na kwamba mlinzi aliyekaa pembeni atagundua kuwa hawajui. Walinzi niliozungumza nao walikuwa wapole, na mmoja alitueleza mahali pa kusimama ili mwanga wa taa usirudi machoni.

Shangazi alitazama kama fundi. Kwa muda mrefu hakusema neno. Kisha akaanza kuhesabu kitambaa. Mwanamke wa kwenye picha amevaa gauni la kijani lenye mikono mipana ambayo pindo zake zimekatwakatwa vipande vidogo na kupangwa tabaka juu ya tabaka, ndani yake kuna vazi la buluu, na gauni lenyewe limewekwa bitana ya manyoya meupe na ni refu kiasi kwamba amelazimika kulikusanya kwa mkono mbele ya tumbo huku sehemu nyingine ikilala sakafuni. Watu wawili waliokuwa kando yetu walikuwa wakinong'ona kwamba ni mjamzito. Shangazi alitikisa kichwa. "Huyu hana mimba," akaniambia kwa Kiswahili. "Ni kitambaa kingi. Tazama marinda yanavyoanzia juu, chini ya kifua, na tazama anavyokishika. Ukimshonea mtu gauni refu namna hii, kutembea hawezi ila akibeba." Tuliposoma maelezo baadaye tukakuta kwamba ndivyo wataalamu wa jumba wanavyosema: yule mwanamke hana mimba, ameshika mali. Sikuwahi kumwona shangazi akifurahi namna ile.

Baada ya hapo picha ilifunguka yenyewe. Yeye ndiye aliyeona kwamba nje ya dirisha kuna mti wenye matunda mekundu, maana yake ni majira ya joto, ilhali wawili hawa wamejifunika manyoya, na akasema kuwa wamevaa ili waonekane. Mimi niliona machungwa, moja dirishani na mengine juu ya kasha, na nikakumbuka kwamba chungwa, ambalo Tanga lilioza chini ya miti yetu, katika Bruges ya karne ya 15 lilikuwa kitu cha kifahari kilichosafirishwa kutoka kusini. Tuliona mshumaa mmoja tu unaowaka katika taa ya shaba yenye nafasi za mishumaa kadhaa, ingawa ni mchana. Tuliona mbwa mdogo mwenye manyoya yanayosimama moja moja, na viatu vya mbao vilivyovuliwa. Tulikwenda kukaa kwenye benchi la chumba kingine, tukapumzika, tukarudi, na mara ya pili ndipo tulipokiona kioo. Kiko ukutani nyuma ya watu hao, cha mviringo na kilichobinuka, na fremu yake ina duara kumi ndogo zenye matukio ya mateso ya Kristo, kila moja haizidi ukucha. Ndani ya kioo chumba kizima kimegeuzwa: migongo ya mume na mke, dirisha, na mlangoni watu wawili wengine, mmoja amevaa buluu na mwingine nyekundu, ambao wamesimama hasa pale tulipokuwa tumesimama sisi. Juu ya kioo yako maandishi ya Kilatini yenye madaha kama ya mwandishi wa mahakama: Jan van Eyck alikuwa hapa, 1434. Shangazi alipoambiwa maana yake aliinama, akatazama tena wale wawili wa mlangoni, akasema, "Kwa hiyo sisi ndio wageni."

Tulikuwa mbele ya picha hiyo, ukihesabu na mapumziko, kwa saa moja na robo. Kisha tukatoka. Njia ya kutokea ilitupitisha mbele ya kazi ambazo watu wengine husafiri maelfu ya maili kuziona, na sikugeuka. Nilitembea nikiwa mwepesi.

Wiki ya pili nilikwenda peke yangu mara mbili. Jumanne niliichagua Kuabudu kwa Wafalme ya Jan Gossaert, iliyochorwa kati ya mwaka 1510 na 1515, na sababu ya kuichagua ilikuwa ya wazi: Balthasar, mmoja wa wafalme watatu waliokuja kumwabudu Yesu mchanga. Upande wa kushoto wa picha hiyo kubwa, ambayo ina kimo cha mtu mzima, amesimama mfalme mweusi aliyevikwa mavazi ya thamani kuliko karibu kila mtu mle ndani, akiwa ameshika zawadi yake kupitia kitambaa ili vidole visiiguse, na nyuma yake yuko mhudumu wake, mweusi pia. Nilikaa mbele ya uso wake kwa muda mrefu. Hauchekeshi wala hautishi. Ni uso wa mtu anayefikiri, na amesimama kama mtu anayejua kuwa amefika mahali panapomstahili. Nilipokaribia niliona herufi kwenye kofia yake, na maelezo yakanithibitishia kwamba ni jina la mchoraji. Gossaert alilitia jina lake mahali pawili, kwenye kofia ya Balthasar na kwenye pambo la shingoni mwa mhudumu wake. Katika picha yenye malaika, wachungaji na wafalme watatu, jina lake alilikabidhi kwa Waafrika wawili. Kwa siku ile sikuhitaji kingine, ingawa nilitumia pia muda wa kutosha kuwatazama mbwa wawili walio mbele, mmoja akitafuna mfupa juu ya vigae vilivyopasuka na kuota majani, ambao Gossaert aliwatoa katika kazi za kuchapa za Martin Schongauer na Albrecht Dürer.

Najua kwamba si kila jumba la taifa linakuruhusu kuingia na kutoka hivi. Louvre ya Paris ina takriban kazi 35,000 kwenye maonyesho, na tiketi yake hulipiwa. Ukishalipa, ile hofu ya nauli inarudi na nguvu mpya. Kwa anayekwenda Madrid, Prado hufungua milango bure kila siku kwa saa mbili za mwisho, na kwangu mimi saa mbili hizo, hata kwa foleni yake, ni bora kuliko siku nzima ya kulipia. Mahali ambapo hakuna nafasi ya bure, ningelipa tiketi, nikachagua picha mbili au tatu kabla ya kutoka hotelini, na nikakubali tangu asubuhi kwamba nimelipia hizo. Anayesafiri na watoto apunguze zaidi. Mtoto mmoja, picha moja, na mtoto mwenyewe ndiye aichague.

Alhamisi, siku moja kabla ya kurudi nyumbani, niliichagua ile meli. Nilikuwa nimeiona kwenye noti mara nyingi, na siku ya kwanza nilikuwa nimeipita kwa sekunde zangu kumi na saba. Turner aliionyesha kwa mara ya kwanza mwaka 1839. Meli yenyewe, Temeraire, ilikuwa na mizinga 98 na ilipigana Trafalgar mwaka 1805, vita ambavyo uwanja ulio nje ya mlango wa jumba umepewa jina lake. Na mwaka 1838 ilivutwa kwenye mto Thames mpaka Rotherhithe ili ikavunjwe mbao. Mbele yake iko tagi ya mvuke, yaani chombo kidogo cha kuvuta meli, nyeusi na fupi, inayotoa moshi na moto, na nyuma ya tagi meli kuu inafuata, nyeupe kama kitu kilichokwisha kuwa cha ulimwengu mwingine. Upande wa kulia jua linazama na kuitia mbingu yote damu na dhahabu. Juu kushoto kuna mwezi mwembamba. Katika ukweli wa mambo milingoti ilikuwa imeng'olewa kabla ya safari hiyo ya mwisho, lakini Turner aliirudisha, mitatu yote, mirefu na mitulivu, kwa sababu hakutaka kumpeleka mzee wake machinjioni akiwa amevuliwa nguo. Picha hiyo aliikatalia kuiuza, akaishi nayo mpaka alipofariki mwaka 1851, na kwa wosia wake ikawa mali ya taifa.

Nilikaa nayo kwa karibu saa nzima, na katika muda huo nilimfikiria babu. Alikuwa na jahazi lililokwenda Pemba na Mombasa, na mashine zilipochukua biashara liliwekwa ufukweni, mlingoti ukilala pembeni yake, mpaka mbao zake zikanunuliwa moja moja na watu waliojenga. Nilikuwa mdogo sana. Sikuwa nimelikumbuka jahazi hilo kwa miaka mingi, na sikutegemea kulikuta pale, katikati ya London, nyuma ya tagi.

Nilirudi jioni nikamkuta shangazi mezani, cherehani imezimwa. "Shikamoo, shangazi." "Marahaba, mwanangu. Leo umeona nini?" Nikamweleza picha moja, kuanzia mwezi mpaka moshi, mpaka rangi ya maji chini ya tagi, na chai ikapoa. Nilipofika kwenye milingoti, yeye ndiye aliyelitaja jahazi la baba yake kabla yangu. Kisha akainuka, akafungua mkoba wake, akatoa noti ya pauni 20, akainyoosha kwa kiganja juu ya meza kama anavyonyoosha kitambaa kabla ya kukata, akaisogeza chini ya taa ya cherehani na kuvaa miwani yake ya kazi, akaanza kuitafuta tagi kwa ncha ya sindano.